Sepsisi: Hatari inayojificha nyuma ya uzee

MZEE aliyekuwa akila vyema na kuzungumza na wenzake anapoamka akiwa mzito wa usingizi, hataki chakula na hatambui alipo, wengi husema ni uzee tu. Huenda si uzee. Huenda ni sepsisi, na kila saa inayopita bila tiba hupunguza uwezekano wa kupona.

Sepsisi hutokea pale mwili, katika kupambana na maambukizi, unapopita kiasi na kuanza kudhuru viungo vyake wenyewe kama vile figo, mapafu, moyo na ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulikadiria kuwa watu milioni 48.9 duniani walipatwa na hali hii mwaka wa 2017, na vifo milioni 11 vikahusishwa nayo.

Wakazi wa makao ya wazee wamo hatarini zaidi. Kinga yao imedhoofika, wengi wana kisukari au maradhi ya figo, na maisha ya pamoja hurahisisha kuenea kwa mafua. Maambukizi huanzia hasa kwenye mapafu, njia ya mkojo na vidonda vya kulalia. Wanaotumia mipira ya mkojo na wanaopaliwa wakila huhitaji uangalizi wa karibu.

Dalili

Kosa kubwa ni kungojea joto kali. Kwa mzee, joto la kinywani linalozidi nyuzi 37.8, au lililopanda kwa zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kiwango chake cha kawaida, huhesabiwa kuwa homa. Wengine huwa na sepsisi bila homa yoyote, na joto linaloshuka chini ya nyuzi 36 pia ni ishara mbaya. Aidha, mzee anayemeza parasetamoli kila siku kwa sababu ya maumivu ya viungo huweza kukosa joto ilhali ni mgonjwa mahututi.

Ishara nyingine ni kuchanganyikiwa ghafla, kupumua mara 22 au zaidi kwa dakika, kipimo cha juu cha shinikizo la damu kufika 100 au chini, moyo kwenda mbio, mkojo kupungua, na kuanguka bila sababu. Rangi ya ngozi nyeusi haionyeshi mabadiliko kwa urahisi. Tazama midomo, ulimi, viganja na nyayo.

Hatua za kuchukua

Mhudumu anayemjua mzee ndiye mpimaji wa kwanza. Akiona mabadiliko ya ghafla, apime joto, pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, aandike saa, kisha amwite muuguzi au daktari papo hapo. Mzee akiwa na dalili za hatari, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi. Asilazimishwe kula wala kunywa akiwa na usingizi mzito, kwani atapaliwa. Asipewe pia viuavijasumu vilivyosalia kabatini.

Anayemsindikiza abebe orodha ya dawa zake, aeleze dawa zinazomdhuru, na aseme ni lini mara ya mwisho alipoonekana mzima. Aulize waziwazi: "Je, hii yaweza kuwa sepsisi?" Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeporomoka anafaa kupata viuavijasumu katika muda wa saa moja, pamoja na maji ya mishipani, na oksijeni iwapo imepungua mwilini. Inapowezekana, damu huchukuliwa kwanza kwa uchunguzi wa vijidudu, mradi tiba isicheleweshwe.

Nchini Kenya, Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, nacho cha 57 chawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali.

Kinga

Kunawa mikono, kusafisha vinywa vya wazee, kuwageuza mara kwa mara wasioweza kujigeuza, kuondoa mpira wa mkojo usiohitajika tena, na chanjo za mafua na nimonia hupunguza maambukizi. Ni vyema pia jamaa wazungumze mapema na mzee kuhusu tiba anayoitaka akizidiwa, na matakwa yake yaandikwe.

Uzee huja polepole. Kinachomgeuza mtu kwa siku moja ni ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa.