Wakia Moja, Mizani Tatu: Jina na Uzito katika Historia ya Kiswahili

Aghalabu mtafiti wa asili ya maneno huridhika akishaonyesha neno lilikotoka. Majina ya vipimo vya uzito yanatudai zaidi, kwani jina laweza kudumu hali uzito umebadilika. Ndivyo ilivyokuwa Misri ya kale: “debeni” ya enzi za awali ilikuwa na gramu 13 hivi, ile ya Ufalme Mpya takriban gramu 91, nayo iligawanywa katika “kite” 10.

Kiswahili kina mfano wake katika neno wakia. Asili yake ni uncia ya Warumi, yaani sehemu ya 12 ya ratili yao, nalo lilipitia Kiyunani na Kiarabu hata likafika pwani yetu. Katika Unguja ya karne ya 19, wakia ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha ya Maria Theresa, gramu 28.07. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili 3 mani, na mani 12 frasila, iliyopimia pembe na karafuu.

Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walikuja na mizani yao. Waingereza hupima dhahabu kwa aunsi ya gramu 31.10, si kwa ile ya bidhaa za dukani yenye gramu 28.35. Aunsi nayo ni kizazi cha uncia. Hivyo ndugu waliopotezana walikutana tena, na kamusi zetu zikawapa wote jina moja: wakia.

Je, jambo hili lina uzito gani? Kati ya aunsi hizo mbili, tofauti katika vipimo 10 hukaribia wakia nzima ya dukani. Tena, kwa ajili ya dhahabu hiyo sheria ya ardhi za wenyeji ilirekebishwa Desemba 1932, ardhi ikaweza kutwaliwa bila mwenyewe kupewa nyingine badala yake. Msomaji wa Shieywe atakaye kujua ni mali kiasi gani iliyotoka katika mgodi wa Rosterman, uliofungwa mwaka 1952, hatasaidiwa na tafsiri isemayo “wakia” tu.

Hapana budi, basi, kamusi zetu zitaje pamoja na kila kipimo uzito wake, kitu kilichopimwa, na zama zake. Bila hayo, neno hubaki mizani isiyo na mawe.