Kupita gadi

Kupita gadi, katika jiu-jitsu ya Brazil, ni kuivuka miguu ya mpinzani aliyelala chini na kumdhibiti ubavuni au kifuani. Miguu hiyo ndiyo gadi. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, anayepita na kumdhibiti mpinzani kwa sekunde 3 hupata pointi 3.

Mchezo huu ni mtoto wa judo: Mitsuyo Maeda wa Kodokan, chuo cha judo cha Tokyo, aliwasili Brazil mwaka 1914 na baadaye akamfundisha Carlos Gracie. Kwa Tanzania, judo ilipata makao Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuifundisha miaka ya 1990. Katika judo pia mkandamizo hauhesabiwi iwapo mguu wa aliye juu umenaswa na miguu ya aliye chini.

Ulinzi dhidi ya kupitwa gadi ndio unaostahili kufundishwa kwanza. Aliye chini asilale chali bapa. Ageukie ubavu, abane kiwiko karibu na goti, aweke goti hilo kati ya vifua viwili, kisha asogeze nyonga nyuma mpaka miguu irudi mbele. Nguvu za mikono pekee huchosha bure.

Anayeanza mchezo huu, tuseme Kiboriloni, Moshi, atafute mkufunzi na mikeka laini, na mwenzake akigonga kuashiria amekubali kushindwa, amwachie papo hapo.