Kwa Baskeli Hadi Mangapwani: Historia Tuliyokuwa Tukiipita Kila Siku



Tumezoea kuzungumza mishono, mapishi na malezi. Leo tunaomba mtuvumilie, tuna jambo la historia, na limetugusa majumbani mwetu.

Jumapili moja tulitoka wanawake saba kwa baskeli, kutoka Mkunazini mjini hadi Mangapwani, safari ya kilomita 20 na kitu kuelekea kaskazini. Nia ya mwanzo ilikuwa mazoezi tu. Wenzetu wawili wana sukari na wameambiwa wautingishe mwili. Tulipokaa kupanga njia, mmoja wetu akasema, "Kama ni kwenda, twende njia waliyopitishwa wale watu, tusimame kila mahali penye alama yao." Tukanyamaza kidogo, kisha tukakubali.

Wengi huuliza tulivaa nini, basi tuseme mapema. Tulishona suruali pana za pamba, na juu yake mabaibui yanayoishia chini ya goti, yaliyopasuliwa pembeni ili yasinase kwenye cheni. Stara ilikuwapo na miguu ilifanya kazi yake.

Tulianzia Mkunazini, penye kanisa la Anglikana. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko na kuzuia watumwa wasisafirishwe kwa bahari, baada ya Waingereza kumtishia kuizingira Unguja kwa manowari. Kanisa lilianza kujengwa mwaka ule ule. Nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Tunapita pale kila tunapokwenda Darajani kununua nyuzi na vifungo. Siku ile ndiyo mara ya kwanza tulishuka tukazitazama sura zao.

Watu wale hawakuzaliwa sokoni. Walitoka bara: Nyasa, Manyema, Unyamwezi, Uzigua na kwengineko. Misafara ya Ujiji ilipita Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, wengi wao wamebebeshwa mizigo. Misafara ya Nyasa ilishukia Kilwa. Ukishafika pwani kuna jahazi, na ukishuka jahazini kuna dalali. Baadhi waliuzwa nje, Uarabuni na kwengine, na wengi wakabaki hapa hapa, kwa sababu mashamba ya karafuu yalitaka mikono. Karafuu tunazotia kwenye pilau tukajisifu kuwa ni zetu, zilipandwa na kuchumwa na watu waliotekwa.

Tukashika njia ya Malindi, tukatoka Maruhubi. Pale zimebaki nguzo za jumba la Barghash, alilolijenga miaka ya mwanzo ya 1880 na likaungua 1899. Mbele kidogo ni Mtoni, jumba la baba yake, Seyyid Said. Hapo ndipo alipozaliwa binti mfalme Salme mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo katika nchi za Kaukasi. Na Barghash mwenyewe, aliyetia saini ule mkataba, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi.

Tulikaa chini ya kivuli tukilizungumza hilo. Kwa sheria ya dini, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru, anarithi kama ndugu zake, na mama yake hauzwi tena. Bwana akifa, naye huwa huru. Basi baadhi ya masultani wetu walikuwa watoto wa wanawake waliotekwa, na hakuna aliyewaambia hawana asili. Lakini mwenzetu mmoja posa yake iliwahi kuvunjika kwa neno hilo hilo. Wazee wa upande wa pili waliuliza, "Hawa asili yao wapi?" Walipopata jawabu, hawakurudi tena. Mwenzetu ametuhadithia huku akifunga vizuri kilemba chake, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwengine.

Bububu tulisimama kwa fundi kwa sababu tairi moja lilipata pancha. Kutoka hapo njia inaingia minazini, jua limeshapanda, na miguu ikaanza kutuambia umri wetu. Mmoja akasema amechoka, anataka gari. Mwengine akamjibu, "Sisi tuna maji, tuna viatu, na jioni tutarudi kwetu." Hakuna aliyelalamika tena.

Mangapwani tulifika kabla ya adhuhuri. Chumba cha watumwa kipo karibu na pwani, kimechongwa chini ndani ya jiwe la matumbawe na kuezekwa paa juu yake. Unashuka kwa ngazi. Ndani ni giza na joto, na pumzi inakuwa nzito hata mkiwa saba tu. Kilijengwa kiasi cha mwaka 1880, yaani baada ya soko kufungwa. Hapo ndipo tulipoelewa maana yake: mkataba ulifunga soko, biashara ikaendelea kwa kificho. Watu walifichwa humo mpaka usiku, jahazi lije liwachukue.

Na waliokuwa tayari mashambani, mkataba wa 1873 haukuwaacha huru. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwezi wa Aprili 1897, miaka 24 baadaye. Hata hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na mabwana ndio waliolipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Yaani mwanamke ndiye aliyekuwa wa mwisho kufunguliwa.

Sisi tunaoshona tuna jambo moja la kuongeza. Historia hii imeandikwa pia kwenye nguo. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, na mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, nyeusi au buluu iliyokoza. Kufunika kichwa ilikuwa ni heshima ya waungwana. Kwa hiyo walipopata uhuru, wanawake waliitupa kaniki wakanunua kanga, doti nzima: moja ya kujifunga, moja ya kichwani. Baadaye wakavaa na buibui. Leo tunaposema kanga ni vazi la asili yetu, tukumbuke ni nani waliolikimbilia kwanza na kwa nini. Walikuwa wanatangaza kwa mwili mzima kwamba hawana bwana.

Tulipotoka nje ya kile chumba, yule mwenzetu wa posa alikaa juu ya jiwe akasema, "Bibi yangu anaitwa Mtumwa. Skuli nilikuwa nawaambia watu anaitwa jina jengine."

Tukamkumbusha Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Aliingia mjini akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi nyimbo zake kwenye santuri, na sauti yake ikafika pwani nzima. Shaaban Robert ameandika kitabu juu ya maisha yake. Hakuna anayemtaja leo kwa kumdharau.

Tuseme na la dini, kwa sababu wapo wanaoitumia dini kufunika jambo hili. Waliouza na kununua watu hapa wengi wao walikuwa Waislamu, na bara wapo machifu waliouza watu wao wenyewe, na wapo Wahindi waliokopesha mitaji, na Wazungu walionunua karafuu na pembe bila kuuliza zimebebwa na nani. Hatusemi haya ili tuchukie kabila la mtu. Visiwa hivi vimeshaumia kwa chuki hizo. Lakini Qur'an katika Sura ya Al-Balad imehesabu kumwacha mtu huru kuwa katika ile njia ngumu ya kupanda, na Bilal, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyepewa heshima ya kuadhini. Dini haikumwekea aibu aliyetekwa. Aibu hiyo tumeiweka sisi, na tukairithisha kwa kunong'ona kwenye posa.

Tulirudi jioni, wengine kwa baskeli, wawili kwa daladala, na baskeli zao juu ya paa. Usiku ule mwenzetu alikwenda kwa bibi yake, akambusu mkono, akamuuliza moja kwa moja: jina hili ulipewa kwa nini?

Bibi alikaa kimya muda. Kisha akasema jina lile ni la bibi yake mzaa babake. Aliletwa mdogo kutoka upande wa Nyasa, akakulia shambani. Alipopata uhuru wake alinunua doti ya kanga kwa pesa za kusuka ukili, na kaniki yake akaikata matambara ya kufutia chungu. "Nikapewa jina lake ili asisahauliwe," bibi akasema. "Nyinyi ndio mlioona haya. Mie hamjaniuliza siku zote hizi."

Mwenzetu ana mimba ya miezi mitano sasa. Akijaaliwa mtoto wa kike, anasema atamwita kwa jina la bibi yake, na atakayeuliza ataelezwa. Mume wake amekubali.

Dada zetu, ikiwa bibi yako bado yupo hai, nenda kakae naye. Usiende na simu mkononi. Mpelekee kahawa, mkande miguu, kisha muulize alikotoka bibi yake. Akilia, mwache alie. Akikataa, rudi siku nyengine. Na wewe unayekwenda kumposea mwanao, uliza tabia, uliza dini, uliza kama kijana anafanya kazi. Lile swali jengine liacheni.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliopita njia ile bila ya kurudi kwao, na atuzindue sisi tuliobaki. Amin.