Kiungo cha kebo, roho ya msako wa vilindini

Kipande cha bawa kilichookotwa kisiwani Pemba Juni 2016 kilithibitishwa na wachunguzi wa Australia, Septemba mwaka huo, kuwa ni cha ndege MH370 ya Malaysia, iliyopotea Machi 8, 2014 ikiwa na watu 239. Bahari ilipokuwa ikileta mabaki huku kwetu, meli za msako zilikuwa ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, upande wa Australia. Zilikokota vyombo vya sona, vinavyotambua vitu kwa mwangwi wa sauti, karibu na sakafu ya bahari, mahali pengine kwenye kina cha karibu mita 6,000. Kilichoshikilia kila chombo ni kebo moja yenye urefu wa kilomita kadhaa, na usalama wa kebo hiyo ulitegemea maungio yake.

Kazi ya kuunga kebo za vilindini ilianza na simu za maandishi. Agosti 1865 meli Great Eastern ilikuwa ikitandaza kebo kati ya Ireland na Amerika ya Kaskazini pale kebo ilipokatika na kuzama. Mwaka uliofuata meli hiyo ilirudi, ikainasa kebo kwa nanga za kulabu, ikaiunga na kipande kipya na kuifikisha Newfoundland Septemba 1866. Mafundi waliunga shaba kwa lehemu, wakaifunika kwa gutaperka, utomvu wa mti wa Asia usiopitisha maji, kisha wakasuka upya nyaya za chuma za nje. Kwa ufundi wa aina hiyo Zanzibar iliunganishwa na Aden mwaka 1879.

Kebo ya simu ya maandishi ililala chini ikatulia. Kebo ya kukokota haina utulivu huo. Haja yake ilionekana Aprili 10, 1963, nyambizi ya Marekani, Thresher, ilipozama mashariki ya Cape Cod ikiwa na watu 129, kwenye kina cha mita 2,500 na zaidi. Sauti inayotumwa kutoka juu hutawanyika inapoenda mbali hivyo, na mwangwi wake hauwezi kuonyesha vitu vidogo. Ikabidi kamera na vifaa vya kupimia vishushwe hadi karibu na sakafu na kuvutwa polepole. Katika muongo huo huo, kundi la Fred Spiess wa taasisi ya Scripps, California, liliunda Deep Tow, chombo cha kukokotwa kilichobeba sona hadi vilindini. Septemba 1, 1985 meli Knorr, ikikokota chombo Argo chenye kamera, iliona mabaki ya Titanic kwenye kina cha mita 3,800, baada ya meli ya Ufaransa, Le Suroît, kupekua sehemu kubwa ya eneo hilo kwa sona yake ya kukokotwa.

Kebo ya kazi hii hubeba mambo matatu kwa pamoja: uzito, umeme na habari. Kuiunga ni kazi ya subira. Tabaka mbili za nyaya za chuma, zilizosukwa kwa mielekeo inayopingana ili kebo isijizungushe, hufumuliwa waya mmoja mmoja. Shaba ya ndani hulehemiwa. Nyuzi za kioo, zilizoanza kutumika baadaye, huyeyushwa pamoja kwa cheche ya umeme. Plastiki ya kuzuia maji hurudishwa kwa joto ndani ya kalibu, bila kuacha kipovu cha hewa, kwa kuwa kwenye mita 4,000 maji hugandamiza kwa takriban kilo 400 kwa kila sentimita ya mraba. Mwisho nyaya za chuma husukwa tena, kila moja ikiungwa mahali pake, ili udhaifu usirundikane sehemu moja.

Ncha ya chini ndiyo inayoteseka zaidi. Hapo nyaya hutanuliwa ndani ya kikombe cha chuma chenye umbo la pia, kisha humiminiwa epoksi au zinki iliyoyeyushwa na kuachwa zigande. Wimbi likiinua meli, mshtuko huteremka hadi kwenye kikombe hicho. Ndiyo maana vyombo vingi hutanguliwa na uzito mkubwa unaomeza mshtuko, na mafundi hukata mita kadhaa za mwisho kila baada ya muda na kufunga ncha upya.

Msako wa MH370 ulionyesha gharama ya kuteleza kidogo. Januari 24, 2016 chombo cha meli Fugro Discovery kiligonga volkano ya tope iliyosimama mita 2,200 juu ya sakafu. Kebo ilikatika, na chombo kikabaki chini pamoja na mita 4,500 za kebo. Miezi miwili baadaye, Machi 21, chombo cha meli Dong Hai Jiu 101 kilizama hadi mita 3,700. Safari hii hakukuwa na mlima: dalili za awali zilielekeza kwenye kiungo cha kebo kilichoshindwa. Vyombo vyote viwili viliopolewa, lakini siku za msako zilipotea huku familia zikisubiri.

Msako huo ulisitishwa Januari 2017, baada ya kupekua zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity iliendelea kwa vyombo vinavyojiendesha bila kebo. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini chombo kisicho na kebo hutegemea betri yake, na sehemu kubwa ya data husubiri hadi kipandishwe melini. Kebo hupeleka umeme chini na kuleta picha juu papo hapo.

Tunawakumbuka manahodha na wanasayansi waliogundua mabaki, na wanastahili. Fundi aliyekesha kwenye sitaha inayoyumba akilehemu, akisuka na kupima kiungo anastahili nafasi katika historia hiyo hiyo. Bila mkono wake, sona isingefika chini.