Mti Usio na Mtaa Kinondoni

Kinondoni tunaishi ndani ya majina ya miti. Daladala hushusha abiria Mkwajuni na Mikocheni, na upande wa Magomeni utamsikia konda akiita Mwembechai. Miti mingi iliyozaa majina hayo ilikatwa zamani. Muwati haukuwahi kupewa mtaa wala kituo. Hata hivyo umo jikoni mwetu, nami nilitaka kujua uliingiaje.

Aliyenifungulia mlango ni mama anayeniuzia mkaa. Kwake mkaa una ukoo: kuna wa porini na kuna wa miwati, unaoteremshwa kutoka Njombe, safari ya takriban kilomita 700. Nilimuuliza tofauti. "Ule wa porini, mwanangu, hakuna aliyeupanda," alisema. "Huu una mwenyewe."

Huyo mwenyewe ana historia ndefu. Muwati ni jamii ya migunga, na kwao ni kusini mashariki mwa Australia pamoja na kisiwa cha Tasmania. Jina tumelitohoa kutoka Kiingereza, neno la kale la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo ziwe ukuta. Walowezi wa Kiingereza walijenga hivyo Australia kwa matawi ya migunga ya huko, na jina la ukuta likahamia kwenye mti. Mtu wa pwani haoni ajabu. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilisimama miaka mingi hapa Dar es Salaam kwa boriti, fito na kiambaza cha udongo.

Jina la kitaalamu, Acacia mearnsii, linatuhusu zaidi. Edgar Mearns alikuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyechuma sampuli ya mti huu Thika, Kenya, mwaka 1909. Mwaka 1925 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Émile De Wildeman, aliitumia sampuli hiyo kuupa mti jina. Mti wa Australia ukaandikishwa rasmi kwa tawi lililokatwa Afrika Mashariki.

Ulifuata nini huku? Ulifuata biashara ya gome. Gome la muwati lina tanini nyingi, kemikali inayoshikana na protini za ngozi mbichi na kuizuia isioze, hadi ngozi iweze kuwa kiatu, mkanda au tandiko la farasi. Mbegu zilifika Natal, Afrika Kusini, mwaka 1864, na baadaye zikapanda hadi nyanda za juu za Kenya na Tanganyika. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha Tanganyika Wattle Company huko Njombe, kampuni inayojulikana zaidi kama TANWAT. Muwati hukua upesi: katika miaka 8 hadi 12 huwa tayari kukatwa. Gome hubambuliwa na kwenda kiwandani kutolewa tanini. Magogo yaliyobaki huwa nguzo, kuni na mkaa. Wakulima wa Njombe nao wakapanda miwati yao. Basi mti ulioletwa kwa ajili ya soko la ngozi sasa unatupikia maharage mjini.

Sitaki kuusifu kupita kiasi. Ni kweli kwamba mizizi yake, ikisaidiwa na bakteria, huipa ardhi naitrojeni, na kila gunia lake linaweza kuuepusha mti mmoja wa miombo na shoka. Lakini mbegu zake hukaa ardhini miongo kadhaa zikisubiri, na moto wa nyika huziamsha. Umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Afrika Kusini imekuwa ikiung'oa kwenye kingo za mito kwa sababu ya kiu yake kubwa ya maji.

Serikali imeamua mkaa uondoke. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema. Ila kujaza mtungi wa gesi kunadai fedha ya mkupuo, na mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya kilichopatikana siku hiyo. Kwa anayeishi kwa kibarua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua atapikia nini.

Mpaka pengo hilo lizibwe, moto utaendelea kuwaka mijini, na swali litabaki ni mti gani unaungua. Mimi nachagua uliopandwa, kwa sharti moja: aliyeupanda auzuie usivuke mpaka wa shamba lake na kufika mtoni. Mti wenye mwenyewe una faida pale tu mwenyewe anapouchunga.