Kusomea Utangazaji: Tulikotoka na Tulipofika

Kazi ya utangazaji ni kazi ya ajabu. Mwalimu husimama mbele ya wanafunzi wake akaziona nyuso zao. Anajua nani ameelewa na nani anasinzia. Shehe na padri huwaona waumini wao. Mwanasiasa huuona umati, na umati ukichoka huondoka. Mtangazaji peke yake ndiye anayekaa katika chumba kilichofungwa, akazungumza na maelfu ya watu asiowaona hata mmoja, nao wakamwamini. Kwa hiyo swali la namna mtu anavyofundishwa kazi hiyo si swali dogo, wala si la vijana peke yao.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na miaka sabini nimekwisha kuivuka. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha shule za msingi wilayani Kisarawe, kisha Kibaha, mpaka nikastaafu. Mwalimu mstaafu huku kwetu Pwani hapumziki sawasawa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi humjia na karatasi mkononi. Zamani karatasi hizo zilikuwa fomu za ualimu na uuguzi. Siku hizi nyingi ni za uandishi wa habari na utangazaji, astashahada ya mwaka mmoja. Na swali huwa lile lile: "Shikamoo mwalimu. Hebu tuambie, hiki cheti kitamfikisha wapi mtoto?"

Sipendi kujibu swali la namna hiyo kwa ndiyo au hapana. Nchi hii imewafundisha watangazaji wake kwa njia mbalimbali katika vipindi mbalimbali, na kila kipindi kimetuachia jambo. Asiyejua tulikotoka hawezi kuupima mwaka huo mmoja.

Redio ya Tanganyika ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo ya mwanzo hapakuwa na chuo cha utangazaji hapa nchini. Wasomi wenyewe walikuwa wachache, nao walitoka katika shule za kuhesabika. Hapa Kisarawe tulikuwa na Minaki, chuo cha Mtakatifu Andrea kilichofunguliwa na wamisionari wa UMCA katika miaka ya 1920, ambacho kilitoa walimu na watumishi wa kila namna. Mtu aliyesoma alikuwa mwalimu, karani au tabibu. Aliyeingia redioni aliingia na elimu yake ya jumla, akakaa karibu na aliyemtangulia, akasikiliza, akasahihishwa, akarudia. Ulikuwa uanagenzi hasa, kama wa seremala na fundi cherehani. Baadhi walipata bahati ya kupelekwa nje ya nchi kwa mafunzo mafupi, lakini darasa lao kubwa lilikuwa studio yenyewe.

Uanagenzi huo ulikuwa na faida yake. Kijana hakuachiwa kipaza sauti kabla wakubwa zake hawajaridhika na ulimi wake. Lakini ulikuwa na upungufu pia: nafasi zilikuwa chache, stesheni ilikuwa moja, na mtoto wa Maneromango asiyekuwa na mtu mjini hakujua hata mlango wa kubisha.

Halafu vikaja vyuo. Kule Nyegezi, karibu na Mwanza, Kanisa Katoliki lilikuwa na chuo cha mafunzo ya jamii tangu mwaka 1960, na uandishi wa habari ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 1998 mahali hapo pakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mwaka 1975 serikali ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari Dar es Salaam, ambacho mwaka 2003 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi iliyokuwa ya kurithishana kwa mdomo ikaanza kuwa na mtaala, mitihani na cheti.

Hata hivyo, naona shule iliyowafundisha watangazaji wetu kuliko zote katika miaka hiyo haikuwa na majengo. Ilikuwa kampeni za elimu ya watu wazima kwa njia ya redio. Mwaka 1970 palikuwa na "Uchaguzi ni Wako". Mwaka 1971 "Wakati wa Furaha", tulipotimiza miaka kumi ya Uhuru. Na mwaka 1973 ikaja kubwa yao, "Mtu ni Afya". Hiyo ya mwisho ilidumu kwa majuma kumi na mawili na inakadiriwa kuwa iliwashirikisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikapewa kikundi kimoja katika kijiji kimoja cha Kisarawe.

Tulikuwa watu kama kumi na watano chini ya mwembe. Redio ilikuwa ya mwenyekiti, na betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi. Tulisikiliza, kisha redio ikazimwa, nami nikafungua kitabu cha kampeni na kuwasomea. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, yaani mazungumzo. Malaria hapa kwetu inaletwa na nini? Kichocho watoto wanakipata wapi? Leo tukitoka hapa tunafanya nini? Kila kipindi kilipaswa kuishia na azimio: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Na vyoo vilichimbwa kwelikweli.

Siku moja mzee mmoja alisema, "Huyu bwana wa redio anasema upesi kama anayekimbia mvua. Mwambieni, sisi tunatembea." Nililiandika neno hilo katika ripoti ya kikundi kama lilivyo. Sijui kama lilifika, lakini nalikumbuka mpaka leo, kwa sababu katika sentensi mbili yule mzee, ambaye hakujua kusoma, alitoa somo zima la utangazaji. Redio ya kampeni ilikuwa nusu ya somo tu. Nusu ya pili tulikuwa sisi chini ya mwembe. Waliotengeneza vipindi walijua kwamba upande wa pili kuna watu watakaojibu, na iliwabidi waseme kwa namna inayojibika.

Njia hiyo ilitumika tena kufundishia walimu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilitaka kila mtoto aingie shule, na walimu hawakutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Watu wamebishana sana juu ya ubora wa mpango huo, na mimi nilifanya kazi na baadhi yao. Nililoliona ni hili: aliyekuwa na mtu wa kumsahihisha karibu naye alikuja kuwa mwalimu mzuri. Aliyeachwa na redio na vitabu peke yake alihangaika.

Kwa wanaoijua Kibaha, jambo hilo si geni. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Waanzilishi waliweka mahali pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya. Aliyefundishwa kilimo aliliona shamba. Aliyefundishwa afya aliwaona wagonjwa. Darasa na kazi vilipakana. Kila ninapoulizwa juu ya chuo chochote, cha utangazaji au cha ushonaji, huwa nauliza kama darasa lake limepakana na kazi yake.

Mambo yalibadilika mno katika miaka ya 1990. Sheria ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa stesheni za watu binafsi, na mwaka 1994 zikaanza kusikika na kuonekana, redio na televisheni. Leo stesheni za redio zenye leseni nchini zimepita 200. Palipotakiwa sauti chache zilizokomazwa, sasa zilitakiwa sauti nyingi, tena upesi. Kijana mwenye sauti nzuri na maneno ya mtaani alipata kiti. Wengine walikuwa na kipaji cha kweli. Wengine walitusomea majina ya vijiji vyetu vibaya hata tukashindwa kujua kama ni sisi wanaotusema.

Hapo vyuo binafsi vikaota kama uyoga, na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 na sasa likijumuisha pia mafunzo ya ufundi stadi, likapewa kazi ya kuvisajili na kuvipangia ngazi. Hapa naomba mzazi anisikilize vizuri. Mtoto wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini huanza ngazi ya nne, ambayo ndiyo ile astashahada ya mwaka mmoja. Akifaulu huenda ngazi ya tano, mwaka mwingine. Ngazi ya sita ndiyo stashahada. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini ya kuipata. Bodi ya Ithibati yenyewe ilizinduliwa mwaka 2025, chini ya uenyekiti wa Tido Mhando, mtu aliyezeeka katika utangazaji.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba cheti kile kinachotangazwa kwa picha ya kijana aliyevaa vifaa vya masikioni ni kipandio cha kwanza cha ngazi yenye vipandio vitatu. Anayeuza mbuzi na korosho za msimu mmoja kulipia mwaka mmoja, akidhani mwisho wake mtoto ataajiriwa kuwa mwandishi wa habari, amehesabu karo ya mwaka mmoja katika safari ya miaka mitatu. Bora ajue mapema, aweke akiba au achague jambo jingine, kuliko mtoto kukwama katikati akiwa na cheti asichoweza kukitumia kama alivyotarajia.

Niliwahi kumsindikiza mzazi mmoja kutazama chuo ambacho sitakitaja. Tulioneshwa chumba cha studio chenye zulia ukutani na kipaza sauti kizuri. Nilipouliza waya wake umeunganishwa wapi, mwenyeji wetu alicheka, akasema fundi atakuja. Tuliondoka kwa heshima, na mtoto hakupelekwa pale.

Lakini nimeona mema pia. Binti mmoja wa Kisarawe, jirani yangu, alikwenda kusoma astashahada hiyo katika chuo kingine. Alirudi likizo na kazi ya kuwahoji watu juu ya maji. Kisarawe ilisumbuka na maji kwa miaka mingi mpaka mradi mkubwa wa kuyaleta kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020, kwa hiyo kila mama mtu mzima ana hadithi yake ya ndoo. Binti alimrekodi bibi mmoja kwa simu, akakata na kuunga, akaniletea dakika mbili safi kabisa. Nikamwambia, "Umemsikilizisha mwenyewe?" Hakuwa amefanya hivyo. Tukaenda wote. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, sauti ni yangu. Lakini nilikueleza habari ya mwanangu aliyeacha shule kwa sababu ya kuteka maji, nawe umebakisha ndoo tu."

Binti alinyamaza. Kisha akaiweka simu chini, akamwomba bibi aanze upya, na safari hii hakumkatiza. Alipomaliza kazi yake mara ya pili ilikuwa na dakika tatu na nusu, nusu dakika zaidi ya alizoruhusiwa, naye akasema yuko radhi kupunguziwa alama.

Nadhani siku ile alijifunza jambo ambalo yule mzee wa mwaka 1973 alitaka wakubwa wa redio walijue. Kuandika habari kwa mpangilio, kupumua vizuri mbele ya kipaza sauti, kukata sauti kwa kompyuta, kujua sheria na maadili ya kazi, hayo yote chuo kinaweza kuyafundisha, na ni vizuri yafundishwe kwa mtaala kuliko kuokotezwa. Zamani yaliokotezwa. Lakini kumkumbuka mtu asiyeonekana, kumngoja amalize na kumrudishia maneno yake yakiwa mazima, hilo hufundishwa na wasikilizaji wenyewe, pale mwanafunzi anapotolewa darasani na kupelekwa kwao.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi wa Kibaha na Kisarawe ni hili. Mtoto akitaka kusomea utangazaji, msimcheke; ni kazi yenye heshima na nchi inaihitaji. Hakikisheni chuo kimesajiliwa. Ulizeni kama studio inafanya kazi, na wanafunzi wanakwenda wapi kwa mafunzo ya vitendo, kwa muda gani, chini ya nani. Pigeni hesabu ya miaka mitatu, msipige ya mmoja. Kisha, kabla hajaondoka, mwambieni akae jioni moja na wazee wa kijiji, asiseme neno, asikilize tu. Akiweza kufanya hivyo mpaka wazee wenyewe wainuke kwenda kulala, mlipieni karo.