Shibe Si Lishe: Safari ya Chakula Mwilini na Chanzo cha Udumavu

Na Mwandishi Wetu

Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa ghala za chakula za Taifa. Mahindi, viazi na maharage hustawi huko, na ziada yake hulisha masoko ya mikoa mingine. Hata hivyo, Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mikoa hiyo ndiyo iliyoongoza kwa udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano: Iringa asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 30.

Inawezekanaje mtoto adumae katika nyumba yenye chakula? Jibu lipo katika namna mwili unavyokitumia chakula, kuanzia kinachoingia kinywani hadi kinachofika katika damu.

Safari ya chakula

Mmeng'enyo huanzia kinywani. Meno husaga chakula, na mate huanza kuvunja wanga ulio katika ugali, wali au viazi. Chakula kikishamezwa hupita katika umio hadi tumboni, ambako huchanganywa na tindikali inayoua vijidudu vingi, pamoja na vimeng'enya vinavyoanza kuvunja protini.

Kazi kubwa zaidi hufanyika katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6. Hapo nyongo kutoka katika ini huyatenganisha mafuta kuwa matone madogo, na vimeng'enya kutoka katika kongosho hukamilisha kazi ya kuvunjavunja chakula. Wanga huwa sukari nyepesi, protini huwa asidi amino, na mafuta huwa asidi mafuta.

Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijinyama vidogo mno vilivyosimama kama nyuzi za zulia. Hivyo ndivyo vinavyofyonza virutubisho na kuviingiza mwilini. Mabaki huendelea hadi utumbo mpana, ambao hufyonza maji, na kisha hutolewa kama kinyesi.

Katika safari yote hiyo, mwili huvunja na kufyonza kile tu kilichokuwamo katika chakula. Hauwezi kutengeneza madini ya chuma wala vitamini A kutokana na ugali mtupu. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi peke yake asubuhi, mchana na jioni hushiba, lakini hukosa malighafi za kujenga mifupa, damu na ubongo.

Kwa nini mtoto mdogo huathirika zaidi

Tumbo la mtoto ni dogo na mahitaji yake ni makubwa. Uji mwepesi hulijaza kwa maji kabla hajapata nguvu na protini za kutosha. Aidha, kuhara kwa mara kwa mara na minyoo hudhoofisha utumbo, hivyo hata chakula bora hakifyonzwi ipasavyo. Ndiyo maana choo bora, maji safi na kunawa mikono kwa sabuni ni sehemu ya lishe.

Kipindi muhimu zaidi ni siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Udumavu unaotokea wakati huo ni vigumu kurekebishwa baadaye, na huathiri pia uwezo wa mtoto kujifunza. Mlo na mapumziko ya mama mjamzito na anayenyonyesha, hususan wakati wa kilimo, ni jukumu la kaya nzima, baba akiwemo.

Mambo ya kuzingatia katika kaya

Mlo kamili huchanganya makundi sita ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya. Ili mwili unufaike nao, wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

2. Uji uwe mzito na uongezwe karanga zilizosagwa, maziwa au dagaa waliosagwa. Kuchanganya mahindi, mtama, ulezi na mchele katika unga mmoja hakuleti mlo kamili, kwa kuwa vyote ni vya kundi moja.

3. Soya isitumike mbichi. Ina viambata vinavyozuia vimeng'enya kuvunja protini, navyo hupunguzwa kwa kuipika vizuri.

4. Maharage yalowekwe kabla ya kupikwa na maji hayo yamwagwe. Kufanya hivyo hupunguza viambata vinavyozuia ufyonzwaji wa madini.

5. Mboga za majani zipikwe kwa mafuta kidogo, kwani mwili huhitaji mafuta ili kufyonza vitamini A.

6. Chungwa, pera au embe liliwe pamoja na mlo, kwa kuwa vitamini C husaidia ufyonzwaji wa madini ya chuma. Chai huzuia ufyonzwaji huo, hivyo isinywewe pamoja na chakula.

7. Karanga au mahindi yenye ukungu yasiliwe wala kusagwa unga wa mtoto, kwa kuwa yanaweza kuwa na sumukuvu.

Vingi kati ya vyakula hivi hupatikana shambani, bustanini au bandani kwa mkulima wa kawaida. Kaya inapouza maharage, mayai na maziwa, ni vyema itenge kwanza sehemu ya watoto na mama, ndipo ziada ipelekwe sokoni.

Wazazi na walezi wanahimizwa kuwapeleka watoto kliniki kila mwezi ili wapimwe uzito na urefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mwenye afya na mchangamfu, na kwa macho akadhaniwa tu kuwa ni mfupi. Kipimo ndicho kinachobainisha tatizo mapema, wakati bado lipo jambo la kufanya.